Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mazingira na afya Dodoma: Msisubiri watu wawe viziwi

Kwa viongozi mliokabidhiwa dhamana ya mazingira, afya, biashara na usalama mahali pa kazi,
Jiji la Dodoma.

Waheshimiwa,

YAH: KELELE ZA MUZIKI NA MITAMBO MITAANI, NA MADHARA YAKE KWA NEVA YA USIKIVU

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa mmoja wa mitaa iliyojaa nyumba haraka tangu Serikali ihamie hapa. Mtaani bado wananiita sista, na ndiyo sababu malalamiko ya masikio hunifikia mimi kabla hayajawafikia ninyi.

Naandika hadharani kwa kuwa njia ya kimya tumeimaliza. Tulianza kwa mjumbe, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mtendaji wa kata akatupokea vizuri na kutuandikia barua ya kutupeleka juu. Huko juu tulipewa namba ya jalada na kuambiwa tuwasubiri wataalamu. Wataalamu hawakuja. Yalikuja majibu ya aya moja, ambayo kwa ufupi yanasema hivi: kijana aliyetajwa kwenye malalamiko amepimwa hospitalini, usikivu wake ni wa kawaida, hivyo hakuna uthibitisho wa madhara, na kilichobaki ni majirani kuelewana.

Sitaitaja ofisi iliyoandika, wala ukumbi unaolalamikiwa. Nikiitaja, mjadala wote utahamia kwenye majina, na mtaa wetu ukishatulizwa, Nkuhungu, Chang'ombe, Kisasa au Nzuguni wataendelea kupewa jibu lilelile. Ninachokipinga ni jibu lenyewe. Kisayansi si sahihi, na likiachwa lisimame kama utaratibu wa kazi litawaumiza vijana wengi ambao hawatajua nini kimewapata. Naomba mnivumilie nieleze hoja moja moja.

1. Kipimo mlichokitegemea hakipimi kilichoharibika.

Kijana ninayemzungumzia ana umri wa miaka ishirini na kitu, na nimeruhusiwa naye kueleza haya. Kazi yake ilikuwa kusimamia mitambo ya muziki kwenye ukumbi wa wazi, Alhamisi hadi Jumapili, toka jioni hadi usiku wa manane na mara nyingi kupita hapo, akiwa hatua chache tu kutoka kwenye spika. Alipokuja kwangu alisema: "Sista, nasikia watu wanaongea, ila maneno siyakamati. Tukiwa wawili ndani naelewa kila kitu. Nikiingia sokoni au kwenye daladala, naangalia midomo tu." Akaniambia pia kwamba usiku kukitulia anasikia mlio mwembamba usiokatika.

Nilimshauri akapimwe. Aliingizwa kwenye chumba tulivu, akavalishwa hedifoni, akasikilizishwa milio myembamba na minene, na kila aliposikia akabonyeza kitufe. Majibu yakatoka: kawaida.

Kipimo hicho ni kizuri kwa kazi yake. Kinatafuta sauti ndogo kabisa ambayo mtu anaweza kuisikia penye ukimya. Kinaonyesha vizuri seli zinazopokea mtikisiko wa sauti zinapokufa. Lakini malalamiko ya kijana huyu yako mahali pengine, na naomba mnisikilize hapa kwa makini, kwa sababu jibu lenu lote limejengwa juu ya sehemu hii.

Sauti ikishapita ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu, huingia kwenye koklea, mfereji mdogo uliojisokota na kujaa majimaji. Humo zimejipanga seli nywele, kwa binadamu kama 15,000 kwa kila sikio. Zilizo nyingi, kama 12,000, ziko upande wa nje na kazi yake ni kukuza mtikisiko. Za ndani ni kama 3,500 tu, na hizo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Kila seli ya ndani imeungana na nyuzi kadhaa za neva ya usikivu, na nyuzi za neva hiyo ni karibu 30,000 kwa sikio moja. Pale uzi unapokutana na seli pana kiungio kidogo sana kiitwacho sinapsi. Seli inamwaga kemikali iitwayo glutameti, uzi unaipokea, na ishara inaondoka kwenda ubongoni. Kelele ikizidi, kemikali hiyo humwagwa kupita kiasi, ncha za neva huvimba, na sinapsi nyingine hukatika.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba kelele huua kwanza seli nywele, na neva hufuata baadaye. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston nchini Marekani, walionyesha kwamba mambo yanaweza kwenda kinyume cha hapo. Waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 (desibeli ni kizio cha kupimia ukubwa wa sauti) kwa saa 2. Usikivu wa panya hao ulishuka, kisha katika muda wa wiki chache ukarudi ulipokuwa. Seli nywele zao zilibaki zote. Kwa kipimo cha kawaida, panya wale walikuwa wazima. Lakini watafiti walipohesabu sinapsi kwa darubini, kwenye sehemu ya koklea inayopokea milio ya juu zilikuwa zimepotea hadi kufikia nusu, na hazikurudi. Miezi ilivyozidi kwenda, seli za neva zenyewe zikaanza kufa polepole, na hali hiyo ikaendelea kwa zaidi ya mwaka.

Nyuzi zinazotangulia kupotea ni zile zisizoshtuka kwa sauti ndogo. Kazi yake huanza sauti ikiwa kubwa na kelele zikiwa nyingi, wakati nyuzi nyingine zimekwishalemewa. Kipimo cha milio midogo ndani ya chumba kimya hakizifikii hata kidogo. Nyumba yenye umeme mdogo taa yake huwaka. Ukichomeka pasi ndipo unapojua. Kijana huyu mlimpima taa, naye analalamikia pasi.

Mwaka 2011 Roland Schaette na David McAlpine, wakiwa London, waliwachunguza watu wenye mlio masikioni ambao kipimo cha kawaida kiliwaonyesha hawana tatizo. Ishara inayotoka kwenye neva ya usikivu ilikuwa dhaifu kuliko ya wenzao wasio na mlio. Ishara ya mbele zaidi, ndani ya shina la ubongo, ilikuwa ya kawaida, maana yake ni kwamba njiani ubongo ulikuwa umekuza kile kidogo kilichoufikia. Hali hiyo wakaiita upotevu wa usikivu uliojificha. Yaliyomo kwenye simulizi ya kijana huyu, kupotewa na maneno penye watu wengi, mlio wa usiku, na karatasi inayosema ni mzima, yanalingana na hali hiyo. Wajibu wa ofisi ulikuwa kuyachunguza zaidi, na badala yake karatasi ileile ikatumiwa kufunga jalada.

2. Madhara hayaishii sikioni.

Neva ya usikivu inaingia kwenye shina la ubongo, na huko baadhi ya nyuzi zake zina miisho mikubwa inayoikumbatia seli ya ubongo pande zote. Mwanaanatomia Mjerumani, Hans Held, aliieleza mwaka 1893, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa sinapsi kubwa kabisa za ubongo. Ukubwa huo ni wa kulinda muda. Ili mjue bodaboda inatokea kulia au kushoto, ubongo hulinganisha tofauti ya muda kati ya sikio moja na lingine ambayo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa uwezo huohuo wa kushika muda, mama huichomoa sauti ya mwanawe katikati ya watoto wanaopiga kelele.

Kwa wanyama wa maabara waliowekwa kwenye kelele kali, miisho hii imeonekana kubadilika umbo na kupitisha ishara tofauti na ilivyokuwa mwanzo. Na ubongo unapofidia upungufu kwa kukuza kila kitu, watafiti wengi wanaona huenda ndiko mlio usiokatika unakoanzia: ubongo unapaza sauti ya mahali pasipo na sauti.

Ndiyo maana nashtuka ninaposikia mtu mzima akisema, "Masikio yaliziba usiku, asubuhi yamefunguka, sina shida." Kufunguka kule ni seli nywele zilizopata nafuu. Hakusemi lolote juu ya sinapsi. Kijana akirudia hivyo kila wiki, kwa miaka, kila asubuhi anajiona amepona.

3. Wanaoumia zaidi hawajawahi kuwaandikia.

Malalamiko yote yaliyowafikia yalitoka kwa sisi majirani, na nadhani hapo ndipo mlipoliona suala hili kama ugomvi wa jirani na jirani. Nataka kuwa mkweli kwenu. Muziki ule unaponifikia kitandani, umbali ule, hauniharibii neva ya sikio. Unanyang'anya usingizi, na hilo nitalieleza. Masikio yanaharibika kwa walio ndani: mhudumu anayeinama mezani kusikiliza oda, mchoma nyama ambaye jiko lake limewekwa chini ya spika, mlinzi wa mlangoni, na huyo wa mitambo.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu na muda unapungua nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, na 100 ni dakika 15. Dakika 15, waheshimiwa, hazimalizi hata nyimbo tano. Na kiwango hicho kiliwekwa kwa kuangalia upotevu unaoonekana kwenye kipimo kilekile cha kawaida, miaka mingi kabla ya utafiti wa 2009. Kwa hiyo hata ukumbi unaokifuata hauwezi kusema kwamba umezikinga sinapsi za wafanyakazi wake.

Mkikosa kifaa, jaribuni hivi: simameni na mwenzenu umbali wa mkono mmoja, muongee. Mkilazimika kupaza sauti ili muelewane, mmekwishakaribia desibeli 85 au mmezipita. Fanyeni hivyo kwenye ukumbi wowote wa wazi Jumamosi usiku. Kisha ingieni mchana kwenye mashine za kusaga, kwenye mitambo ya kukamua alizeti inayozidi kuongezeka mkoani kwetu msimu hadi msimu, na kwa mafundi wanaokata vyuma kwa grinda kando ya barabara. Mtawakuta vijana wamejifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, na masikioni hawana kitu. Kitambaa walikivaa wenyewe kwa sababu vumbi wanaliona.

Kijana kama huyo akidai kwamba ameumia kazini, kipimo cha kawaida kitamwambia hajaumia. Atarudi kazini au ataachishwa kimya kimya, na kwa umri wake ana miaka arobaini mbele ya kufanya kazi, kulea, na kukaa vikao asivyovielewa. Sinapsi hizo na neva zake kwa binadamu hazijaonekana kuota upya. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti, lakini habari ambayo neva imeshindwa kuibeba hakiwezi kuirudisha. Niliuguza watu kwa miaka mingi, na ugonjwa usio na tiba ambao ungeweza kuzuiwa kwa kushusha kitufe kimoja unanikosesha utulivu kuliko magonjwa mengine mengi.

4. Usingizi wetu na watoto wetu.

Hapa sitachukua nafasi kubwa, kwa kuwa tuliyaandika yote kwenye barua zilizotangulia. Wagonjwa wa shinikizo la damu hawalali. Wanafunzi wanasinzia darasani siku ya Ijumaa. Shule iliyo karibu inapakana na mashine ya kusaga, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 1999 linataka kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35, ili mtoto ayapate maneno ya mwalimu.

Jambo moja naliongeza kwa kuwa ni jipya. Jumapili familia huja kula nyama choma kwenye ukumbi huohuo, na watoto wadogo hucheza mbele ya spika kwa saa nzima huku wazazi wakitazama. Hakuna mzazi anayeona hatari, kwa sababu mtoto halii, anacheza. Pale panahitajika uzio na tangazo, na sheria ndogo ya jiji ingeweza kuyaagiza yote mawili.

5. Sheria ipo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye kulinda afya. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za 2015 zimeweka viwango vya mchana na vya usiku kwa kila aina ya eneo, na makazi yana kiwango chake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Hakuna sheria kati ya hizi inayosema mlalamikaji lazima kwanza awe kiziwi. Kanuni za 2015 zinapima sauti. Jibu lenu lilimpima mtu, na chanzo cha sauti hakijapimwa hadi leo.

Najua zipo sababu ambazo tutapewa, na nyingine tumekwishapewa kwa mdomo. Naomba nizijibu mapema ili tusizungushane.

Mtasema utafiti ulikuwa wa panya, na panya si watu. Ni kweli kwamba sinapsi za mtu aliye hai haziwezi kuhesabiwa, na tafiti za watu walio hai zimetoa majibu yanayopishana. Lakini masikio ya watu waliofariki yamechunguzwa kwa darubini, na yameonyesha kwamba nyuzi za neva hupotea kwa wingi kuliko seli nywele kadiri umri unavyokwenda, na kwamba waliofanya kazi kwenye kelele walipoteza zaidi. Tena madhara ya namna hii yameonekana kwa panya na kwa nyani pia. Kwa jambo lisilorudishika, kukinga ndiyo njia salama wakati wataalamu wanaendelea kubishana juu ya kiasi. Ndivyo tulivyofundishwa kumhudumia mgonjwa, na sioni kwa nini mtaa uhudumiwe kwa kanuni nyingine.

Mtasema ukumbi una leseni. Leseni ya vileo inaruhusu kuuza vileo. Haimpi mwenye ukumbi kibali cha kuvuka viwango vya 2015.

Mtasema ajira na mapato. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu najua mama wanaosomesha watoto kwa kukaanga chipsi kwenye lango la ukumbi ule. Hatujaomba ufungwe. Tumeomba spika zishushwe sauti na zigeuzwe, besi ipunguzwe baada ya saa 4 usiku, na wafanyakazi wapewe vizibo vya masikio, ambavyo bei yake haifiki ya sahani moja ya nyama. Biashara isiyoweza kulipa gharama hiyo, mimi naamini inajiendesha kwa gharama ya masikio ya vijana wake.

Mtasema wateja wanaupenda muziki mkubwa na wanakwenda kwa hiari. Mteja anakwenda kwa hiari na kuondoka akitaka. Mhudumu haondoki. Hata huyo mteja hajaambiwa kinachomkabili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kusiko salama, na hali hiyo inaepukika.

Wapo watakaosema sisi wazee tunachukia muziki, au tunazionea baa na kuziacha nyumba za ibada. Nyumba za ibada zipimwe pia. Nipo tayari kipimo kianzie kanisani kwetu, maana kwaya yetu nayo ina spika kubwa, na wanakwaya wanaosimama mbele ya spika hizo kila Jumapili ni watoto wetu. Kuhusu muziki, huu ni mkoa wa Wagogo. Hapa ndipo alipotoka mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki 2003 baada ya kulipeleka zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, mbele ya watu wa mabara mengi. Wimbo wa Kigogo una sauti nyingi zinazopandana, njuga miguuni, zeze chini, ngoma ya muheme ikipigwa na akina mama, na raha yake iko kwenye kusikia kila kimoja ndani ya vingine. Mwenye neva iliyopungua bado atasikia kwamba ngoma inachezwa, ila sauti zitamfikia zimechanganyika, na hataweza tena kuzitenganisha. Ninachokitetea ni uwezo wa vijana wetu kuusikia muziki huu hadi uzeeni.

Na mtasema hamna vifaa. Kipima sauti kilichothibitishwa si mashine ya hospitali ya rufaa, hubebwa mkononi. Jiji lenye wizara zote, lenye vyuo vikuu na hospitali kubwa, haliwezi kukosa mahali pa kukiazima usiku mmoja.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Sauti ipimwe usiku, siku ya biashara, bila kumtaarifu mwenye ukumbi, kwa kifaa kilichothibitishwa. Ipimwe ndani ya ukumbi, kwenye nyumba ya karibu, na pale mfanyakazi anaposimama. Matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Mashine za kusaga na za alizeti zipimwe mchana kwa namna hiyohiyo.

(b) Leseni za kumbi za muziki zitolewe na kuhuishwa kwa masharti yanayotokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 kuhusu kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15 zozote, sauti ifuatiliwe kwa kipimo muda wote, pawe na mahali pa utulivu, na vizibo vya masikio vipatikane mlangoni. Hiki ni kiwango cha juu kwa wateja waliomo ndani. Kwa majirani, viwango vya usiku vya 2015 vibaki palepale.

(c) Waajiri wa kumbi, mashine na karakana wakaguliwe kuhusu kinga ya masikio na zamu za kupumzika. Vijana wanaokaa karibu na chanzo cha sauti wawe na zamu fupi.

(d) Mfanyakazi anayelalamika kwamba anasikia lakini haelewi asirudishwe kwa karatasi ya milio peke yake. Apimwe uwezo wa kuelewa maneno penye kelele, aulizwe kuhusu mlio masikioni, na historia yake ya kazi iandikwe kwenye faili. Maneno ya kipimo hicho yawe ya Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayezungumza kama sisi.

(e) Jalada letu lifunguliwe upya, na barua iliyolifunga ifutwe kwa maandishi. Kijana huyu anastahili kuwa na karatasi inayosema malalamiko yake hayakuwa ya uongo.

(f) Tupewe namba ya simu ya afisa anayepokea malalamiko saa 6 usiku. Namba za mchana tunazo.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Wakazi waliotia saini barua za awali wako tayari kuja ofisini, na wako tayari kuwapokea mtaani usiku wowote mtakaoamua kuja kupima. Kijana mwenyewe naye yupo tayari kuhojiwa, kwa sharti moja: mazungumzo yafanyike kwenye chumba tulivu na azungumze naye mtu mmoja mmoja, ili aweze kuwaelewa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu, kwa niaba ya wakazi waliotia saini,
Dodoma.

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Mtendaji wa Kata
Diwani wa Kata
Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule
Mmiliki wa ukumbi (amekabidhiwa kwa mkono)